Madumu Tisa

Kiswahili cha darasani kina neno ambalo washairi hawalikimbilii, nalo ni kanieneo. Wataalamu walipotaka kutaja msukumo unaoelemea kila kipande cha uso wa kitu, waliunganisha kani na eneo, na somo zima likakaa ndani ya neno moja: kani ile ile, ikibanwa katika eneo dogo, huuma zaidi. Hiyo ndiyo siri ya sindano na ya makali ya kisu. Ndiyo siri pia ya mashine ya umeme ya kuoshea, ile ambayo vijana wa mjini huoshea magari, na ambayo siku hizi hupatikana kwa umbo dogo la kuwekwa nyumbani. Ndani yake mna mota, pampu ambayo aghalabu huwa na pistoni tatu ndogo, mpira mrefu na bastola. Maji huingia taratibu, yakabanwa, yakachomoka katika tundu lenye upana wa milimita moja hivi, kwa mwendo unaokaribia kilomita 500 kwa saa. Bar 100, kipimo cha kawaida kwa mashine za nyumbani, ni uzito wa safu ya maji yenye kimo cha kilomita moja.

Mashine hizi zilizaliwa mahali penye mabomba. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitoa mwaka 1950 mashine ya kwanza Ulaya ya kuoshea kwa maji moto yenye kanieneo kubwa, na mwaka 1984 ikatoa ya kubebeka, iliyokusudiwa watu wa kawaida na majumba yao. Waliozibuni hawakuwa na haja ya kujiuliza maji yatatoka wapi. Bomba lilikuwapo ukutani, na maji yalikuwa yakisubiri kufunguliwa.

Unyambwa si mahali pa namna hiyo. Ni kata ya Manispaa ya Singida, katikati ya Tanzania, na kutoka Singida hadi pwani ya Dar es Salaam ni takriban kilomita 700. Msomaji wa visiwani, aliyezoea vuli na masika, ajue kwamba huko mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake katika nchi hiyo ya Singida kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni ya upepo na vumbi, mawe makubwa ya granaiti yakiwa yamekaa mashambani kama mifugo iliyolala, na mabua ya alizeti na uwele yakingoja jembe la mwaka ujao. Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya chumvi. Katika hilo Mnyaturu wa Singida na Mswahili wa Unguja wanafanana kuliko wanavyodhani: kila mmoja huamka akatazama maji mengi asiyoweza kuyanywa.

Ni vumbi hilo lililomtia mwalimu mmoja mstaafu wa Unyambwa tamaa ya mashine. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa lipu ya saruji mbele na pembeni, na ina kibaraza cha sakafu nyekundu ambacho ifikapo Agosti hakijulikani rangi. Ana pikipiki, ana banda la kuku wa kienyeji lenye sakafu ya saruji, na ana mkokoteni wa kubebea magunia. Alikuwa ameiona mashine ikifanya kazi mjini: kijana alipitisha bastola mara moja juu ya sakafu, na mstari safi ukabaki nyuma yake kama mwandiko wa chaki kwenye ubao. Mtu aliyeshika chaki miaka thelathini na zaidi hawezi kuuona mstari wa namna hiyo akatulia.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mzee, hiyo mashine itakunywa maji ya nani?”

“Maji ya tangi, mama.”

“Tangi la nani?”

Swali hilo lina hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe si ngumu. Tangi la nyumba hiyo ni la lita 5,000 na hujazwa na mvua ya paani. Kutoka Mei hadi Novemba ni miezi saba, siku 210 na ushei. Ukigawa, kila siku ina haki ya lita 24 tu, dumu moja na kidogo. Mashine ndogo ya nyumbani hutumia lita sita hivi kwa dakika. Nusu saa ya kuosha kibaraza na banda ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita ishirini, nayo ni maji ya siku saba na nusu. Umeme wake haufiki hata uniti moja: mashine ya wati 1,800 ikienda nusu saa hula uniti 0.9 katika LUKU. Walioandika juu ya mashine hizi kwa ajili ya Ulaya wamejaza kurasa kwa habari ya umeme na kelele. Kwa Unyambwa, umeme ndio sehemu nyepesi ya gharama. Sehemu nzito ina kilo 180, na mtu fulani hubeba.

Kuna maji mengine, ya kisima kirefu, yanayochotwa kwenye kioski na kuletwa kwa baiskeli. Hapa ndipo shauri linapokuwa gumu kweli. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kwa wingi wa floridi, madini yale yanayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya mikoa hiyo huvuka mpaka huo. Maji ya mvua hayana floridi ya kutia hofu, wala chumvi, wala chokaa. Basi ndiyo wanayohifadhiwa watoto kwa kunywa. Na ndiyo hayo hayo pampu inayoyataka, kwa kuwa maji ya chumvi hula vyuma vyake, na maji magumu huacha ukoko katika vali na kwenye tundu la bastola. Maji yaliyo mema kwa pistoni ndiyo yaliyo mema kwa meno ya mjukuu. Mwuza mashine hawezi kulijua hilo, na karatasi ya maelezo haina mahali pa kuliandika.

Juu ya boksi huandikwa kwamba mashine huokoa maji. Ni kweli, lakini ni kweli ya mahali pengine. Inalinganishwa na mpira wa bustani ulioachwa wazi, unaomwaga lita kumi na tano au zaidi kwa dakika. Katika Unyambwa hakuna anayeosha kwa mpira ulioachwa wazi. Mashine inashindana na ndoo, brashi na kitambaa, na kwa ndoo pikipiki hutakata kwa dumu moja. Mwenye kuosha kwa ndoo huyaona maji yakipungua, na mkono wake hujizuia wenyewe. Mwenye bastola haoni kitu. Husikia mlio tu, na mlio haupungui mpaka tangi liishe. Waislamu wa pwani wanajua mafundisho ya kutofanya israfu ya maji ya udhu hata mtu akiwa ukingoni mwa mto. Nyanda za Singida hazina haja ya kuambiwa habari za mto.

Je, basi mashine isinunuliwe? Hapana, hilo ni jibu la haraka. Sakafu ya banda la kuku iliyooshwa mpaka ndani ya nyufa huwapunguzia kuku maradhi, na mgongo wa mtu wa miaka sitini na tano hauinami juu ya brashi kama zamani. Walioinama miaka yote, tena, aghalabu si wanaume. Linalotakiwa ni kuichagua kwa kuanzia kwenye maji na kupanda juu, ilhali duka humfundisha mnunuzi kuanza na bar na kushuka.

Kwa hiyo namba ya kwanza kuitafuta ni lita kwa saa. Watengenezaji huandika mbili, moja ya juu kabisa na nyingine ya kazi ya kawaida, na iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ile ya kujisifu. Mashine inayotumia lita 330 hadi 360 kwa saa yatosha nyumba. Bar ni vivyo hivyo: anayeona 140 kwenye boksi atarajie kufanya kazi kwa 90 au 100, na hizo zinatosha kwa saruji, chuma na bati. Kwa wenye shaka kuna hesabu ndogo inayofaa kubebwa mfukoni. Zidisha bar kwa lita za dakika moja, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati zilizomo ndani ya maji yatokayo. Bar 100 kwa lita sita ni kilowati moja, nayo inakubalika kwa mota ya wati 1,800, kwa kuwa nyingine hupotea katika joto na msuguano. Boksi likidai bar 180 na lita tisa kwa dakika, jibu ni kilowati 2.7. Maji hayawezi kutoka na nguvu nyingi kuliko umeme ulioingia, kwa hiyo boksi la mota ya wati 1,800 linalodai hivyo linasema uongo, hata kama limechapwa kwa rangi nne.

Habari ya mota ni fupi. Zipo nyepesi zenye vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani, zina kelele, ni rahisi kwa bei, na kaboni zake huisha. Zipo nzito za induksheni, zisizo na kaboni, zenye sauti ya chini na umri mrefu, lakini bei yake ni ya juu. Mashine itakayofanya kazi mara mbili kwa mwezi haihitaji kuwa nzito. Afadhali fedha ziende kwenye kichwa cha pampu: cha shaba ya manjano hudumu kuliko cha alumini, na cha alumini kuliko cha plastiki. Jambo la kuuliza kabla ya bei ni kama sili zake na kichujio chake vinapatikana Singida au Dodoma, au ni lazima mtu aagize Kariakoo na kungoja.

Kwenye maji ya kuingia ndipo penye ajali nyingi, nazo hazisikiki. Pampu hizi zimezoea kulishwa na bomba lenye msukumo wake. Tangi lililoinuliwa mita tatu juu ya ardhi hutoa bar 0.3 tu. Si mashine zote zinazoridhika na hayo, na nyingine hazina uwezo wa kuvuta maji zenyewe kutoka kwenye pipa. Ikikosa maji ya kutosha, pampu humeza hewa, hutetemeka, na sili zake huungua mapema. Kwa hiyo maelezo yaseme wazi kwamba mashine yaweza kujivutia maji, na uwepo mpira mgumu wa kuvutia, usiofumbana unaponyonywa, wenye chujio mwishoni. Chujio ni lazima. Punje za mchanga zisizoonekana kwa macho huchora pistoni kama kucha, na tangi la mvua lina matope yake chini, yaliyoshuka na vumbi la paa. Nyingi ya mashine hizi pia hazitaki maji yanayozidi nyuzi 40 za joto. Mpira mweusi uliolazwa juani tangu asubuhi, katika nchi isiyo na kivuli, hupita hapo bila kuulizwa.

Umeme una lake pia, ingawa ni dogo. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umezifikisha nyaya mahali pengi ambapo zamani hapakuwa na taa. Lakini nyumba iliyo mwishoni mwa waya hupata umeme uliochoka, hasa jioni majirani wanapowasha vyao. Mota ya induksheni huweza kushindwa kuanza. Hunguruma mahali pamoja na kuchemka. Waya mwembamba wa kuunganishia, uliokusudiwa redio, huongeza uchovu huo, na ukiachwa umeviringishwa huungua. Waya na uwe mnene, wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, na ufunguliwe wote. Mashine za mtumba kutoka Marekani au Japani zisiguswe mpaka kibandiko chake kisomwe: pasipoandikwa volti 220 hadi 240, ni bidhaa ya nchi nyingine. Na kwa kuwa maji na umeme vitakutana chini ya miguu iliyolowa, nyumba iwe na waya wa ardhini uliofungwa sawasawa na swichi inayokata umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Fundi akisema hiyo ni anasa, atafutwe fundi mwingine.

Lipo jambo ambalo mwalimu hakulifikiria mpaka alipozunguka nyuma ya nyumba. Upande wa nyuma haujapigwa lipu, na matofali yake yameshikwa kwa udongo. Maji yenye kani ile yangeuchimba udongo ule mstari kwa mstari, na mwaka wa pili ukuta ungeanza kucheza. Hatua thelathini kutoka hapo limesimama tembe la marehemu mama yake, lenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo, nyumba ya asili ya Wanyaturu na ya majirani zao Wagogo. Tembe linajua fagio la majani na maji ya kunyunyiza kwa mkono ili vumbi litulie kabla ya kufagia. Bastola ingelimaliza kwa alasiri moja. Pwani nako pana mfano wake: Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ni laini, hupumua na kumeza maji. Wapo wenye haraka wanaoona ukungu mweusi ukutani wakatamani kuupiga kwa mashine. Ukungu hutoka, na ngozi ya ukuta hutoka nao. Nyumba ya udongo na nyumba ya matumbawe, zilizo mbali kiasi hicho, zina woga mmoja.

Mashine basi ni ya saruji, chuma na mawe magumu, na huleta pamoja nayo dhana kwamba kila nyumba imejengwa hivyo. Hata katika hivyo haifai kila mahali. Ikielekezwa karibu kwenye tairi hujeruhi mpira. Ikielekezwa kwenye ekseli ya pikipiki husukuma maji ndani ya bearingi na kutoa grisi. Vioo vya sola havistahili kuguswa nayo. Na mwili wa mtu ndio usioifaa kabisa. Maji yenye bar 100 hupenya ngozi, yakaingiza uchafu ndani ya nyama, na kidonda chake huonekana kidogo kama cha mwiba ilhali ndani kimeharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile. Bastola isiyo na kifungo cha kuifunga isinunuliwe kwa nyumba yenye watoto.

Dukani mjini kijana alimwamkia mwalimu kwa heshima na kumwonyesha mashine tatu, akaanza na kubwa.

“Hii, mzee wangu, inang’oa hata rangi.”

“Sina rangi ya kung’oa, mwanangu. Inakunywa lita ngapi?”

Kijana aliligeuza boksi mara mbili kabla ya kuipata namba. Ilikuwa chini kabisa, pembeni mwa alama ya pipa la taka. Kubwa ilikuwa ya lita 500 kwa saa. Ya kati haikuwa na uwezo wa kujivutia maji. Ndogo ilikuwa ya lita 340, yenye kichwa cha alumini, mota ya kaboni, mpira wa mita tano usiotosha, na bastola yenye kifungo. Haikuwa nzuri. Ilikuwa inayolingana na mahali pake, na bei yake ilikuwa nusu ya ile kubwa.

Nusu iliyobaki haikurudi benki. Paa la nyumba ile lina pande mbili, na tangu lijengwe ni upande mmoja tu uliokuwa na mfereji wa kupeleka maji tangini. Upande wa pili, mita za mraba 40 za bati, ulikuwa ukimwaga maji yake chini kila msimu. Kwa mvua ya milimita 600 hizo ni lita 24,000 kwa mwaka, zilizokuwa zikichimba handaki ukutani na kwenda zao. Mkewe ndiye aliyelisema hilo, akiwa amesimama mlangoni na karatasi ya hesabu ya mumewe mkononi. Fundi wa bati akaja Oktoba, akafunga mfereji, na chini yake pakawekwa mapipa matatu ya lita 200, yasiyounganishwa na tangi kubwa. Mashine ina ruhusa ya kuvuta katika mapipa hayo, na si penginepo. Yakikauka, mpira hukunjwa, maji yaliyobaki ndani ya pampu hutolewa, na mashine huwekwa ndani mpaka mvua. Brashi imetundikwa kwenye msumari ule ule wa siku zote, nyuma ya mlango wa jikoni, na ndoo iko chini yake.